UZI: Supamaketi iliondoka, kodi yake ikabaki kwetu wenye fremu. Niliyoyaona ndani ya jumba la maduka

#1 MamaViatu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi nilipita mbele ya jumba la maduka nililofanyia biashara kwa zaidi ya miaka minne. Ngazi za umeme zimezimwa, wachache waliopo wanazipanda kwa miguu. Orofa ya chini imebaki benki, kituo cha kubeti, na kanisa lililokodi ile sehemu yote iliyokuwa ya supamaketi. Nikasimama nje ya fremu iliyokuwa yangu. Bango liling'olewa zamani, lakini gundi bado iko ukutani, na ukitazama vizuri unalisoma jina la duka.

Nimeamua kuandika kwa sababu kila ninaposikia watu wakieleza kwa nini majumba haya yalianguka, wanasema watu hawana pesa, au siku hizi watu wananunua mtandaoni. Mimi nilikuwa ndani na sikuona hivyo. Pesa zilikuwepo na watu walikuwepo, hadi asubuhi ambayo mlango mmoja ulifungwa.

Jina la jumba sitalitaja, wala la supamaketi iliyokuwa humo. Yale ya hadharani, yaliyoandikwa magazetini na kufika mahakamani, nitayataja kwa majina.

Nairobi ilianza kuzoea maduka mengi chini ya paa moja na Sarit Centre, Westlands, mwaka 1983. Village Market ikafuata 1995. Hayo yalikuwa ya wenye magari na watu wa balozi. Sisi wa Eastlands tulienda Krismasi, watoto waone taa. Kilichoyaleta majumba haya karibu na sisi ni supamaketi, na zaidi ya zote ilikuwa Nakumatt.

Vijana wa humu huenda hawajui jina lilikotoka. Ni Nakuru Mattresses, duka la magodoro. (Tuskys nayo ni Tusker Mattresses. Kwa nini magodoro ya Bonde la Ufa yalizaa supamaketi nyingi hivi, hilo ni somo linalostahili uzi wake.) Kutoka magodoro, tembo wa nembo ya Nakumatt akafika Mombasa, Kisumu, Eldoret, akavuka hadi Kigali 2008, Kampala 2009, kisha Tanzania. Kileleni ilikuwa na maduka zaidi ya 60 katika nchi nne, mengine yakiwa wazi saa 24. Nimewahi kununua maziwa na dawa ya homa saa nane usiku, mtoto mgongoni, na mlinzi akanifungulia mlango akisema pole mama. Kwa hiyo msinione nachukia supamaketi. Nilizipenda.

Sasa sikilizeni jumba linavyosimama. Mtu ana kiwanja, anataka kujenga. Benki inamuuliza, nani atakuwa mpangaji wako mkubwa? Akionyesha barua ya supamaketi inayojulikana, mambo yanasonga. Barabara ya Thika ilipokamilika 2012, mwaka uliofuata Thika Road Mall ikafungua milango, Nakumatt ndani. Garden City ikaja 2015, Nakumatt tena, pamoja na duka kubwa la Game la Afrika Kusini. Kila pembe ya mji hesabu ilikuwa hiyohiyo.

Mpangaji mkubwa huchukua eneo kubwa kwa mkataba mrefu na kodi ya chini kwa kila futi. Sisi wa fremu ndogo tunalipa futi ileile mara kadhaa zaidi. Na tulikubali tukijua, kwa sababu tulichokuwa tukilipia si ukuta wala vigae. Tulikuwa tunalipia watu wanaotoka kwa keshia. Fremu yangu ilikuwa hatua ishirini kutoka kwa keshia wa mwisho. Mzazi anatoka na toroli, chenji bado iko mkononi, mtoto anaona viatu vinavyowaka taa kisiginoni. Jumamosi moja ya Januari, shule zikikaribia kufunguliwa, niliuza jozi 74. Nililala nimevaa sare ya duka.

Halafu ikaanza. Watu hudhani dalili ya kwanza ni rafu tupu. Rafu tupu huja mwisho. Kwanza wafanyakazi walianza kupanga bidhaa kwa upana: ukuta mzima karatasi za chooni za aina moja, ukuta unaofuata maji ya chupa, ili pengo lisionekane. Kisha mkate ukawa unaisha saa nne asubuhi. Kisha yule kijana wa kitengo cha nyama, tuliyekuwa tukinywa chai pamoja, akaniuliza kama ninamjua mtu anayeajiri. Mteja aliyekosa unga na mafuta safari mbili, ya tatu haji, na asipokuja huko, kwangu hapiti. Ilifika siku nikauza jozi moja, ya soksi.

Siku waliyofunga, waliziba mlango wote kwa mbao zilizopakwa rangi nyeupe na maandishi kwamba duka jipya linakuja hivi karibuni. Mbao zile zilikaa miezi kumi na minne.

Nilimwandikia mwenye jumba kuomba kodi ipunguzwe hadi mpangaji mpya apatikane. Jibu lilikuja kwa wakili. Mkataba wangu, lilisema, hauna kifungu kinachohusu mpangaji mwingine yeyote. Usiku huo niliusoma wote, kurasa 34. Kweli, hakuna mahali supamaketi ilipotajwa hata mara moja. Kitu pekee kilichonifanya nikodi pale hakikuandikwa popote. Kilichoandikwa ni nyongeza ya asilimia 7.5 kila mwaka, ada ya huduma, VAT ya asilimia 16 juu yake, na muda wa miaka mitano na miezi mitatu.

Hiyo miezi mitatu niliwahi kuiuliza, nikaambiwa ndio utaratibu. Baadaye ndipo mwanasheria mmoja wa kanisani kwetu alinieleza. Kenya kuna sheria, Sura ya 301, inayomlinda mpangaji wa duka, hoteli au mkahawa. Mwenye nyumba hawezi kukupandishia kodi wala kukutoa ovyo, na kuna baraza la kusikiliza kesi hizo. Lakini ulinzi huo ni kwa mkataba usioandikwa, au ulioandikwa wa muda usiozidi miaka mitano. Ndiyo maana unapewa mitano na miezi mitatu. Miezi mitatu ile inakuondoa chini ya mwavuli, na unaitia sahihi mwenyewe ukitabasamu.

Dalali alikuja Jumatano. Rafu, kioo kirefu cha watoto kujitazama miguu, kiti kidogo chekundu cha kupimia. Kiti kile ndicho kilichoniliza.

Nakazia ninachosema: majumba mengi yalijengwa yakiegemea mpangaji mmoja, na hatari ya mpangaji huyo kuanguka ikabebeshwa wenye fremu bila kuambiwa. Wa miji mingine, kwenu ilikuwaje?

#2 Mwenge_Stendi

Pole sana dada. Kile kiti kimenigusa.

Mimi nipo Dar. Kwetu jumba la kutajwa ni Mlimani City, barabara ya Sam Nujoma, lililofunguliwa 2006 kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwekezaji akitoka Botswana. Wakati ule supamaketi ya Shoprite ilikuwa upande mmoja na Game upande mwingine. Wanafunzi tulikuwa tunashuka kutoka chuoni kwa miguu, kiyoyozi bure, unazunguka saa mbili unarudi umenunua kalamu.

Shoprite ilipouza maduka yake ya Tanzania 2014, aliyenunua ni Nakumatt. Tukafurahi, tukasema sasa ni majirani, bidhaa zitakuwa za Afrika Mashariki. Na supamaketi ya Uchumi ya Kenya nayo ilikuwa imekuja, ikaondoka Oktoba 2015, Tanzania na Uganda kwa pamoja. Ilipofika 2017, Nakumatt ya Mlimani City ilikuwa vilevile unavyoeleza: unakuta mstari mzima wa bidhaa moja.

Ila dada, Mlimani City haikufa. Na hapa sikubaliani nawe moja kwa moja. Pale kuna mabenki, kampuni za simu, sinema, na ule ukumbi wa mikutano unaojaa harusi, vikao vya vyama na mahafali. Watu walikuwa na sababu nyingine ya kwenda. Supamaketi ilibadilika jina, foleni ya magari ikabaki ileile. Nadhani kwenu tatizo si kuegemea nguzo, tatizo ni kuwa na nguzo moja.

#3 MamaViatu

Ndugu yangu wa Mwenge, nimekubali. Umesema vizuri kuliko nilivyosema. Jumba letu lilikuwa na benki moja, na benki hiyo ilikuwa na mlango wa nje. Mteja wa benki hakuwahi kuingia ndani.

#4 DerevaWaMalaba

Mimi nimeendesha lori kutoka Mombasa hadi Kigali miaka mingi, kwa hiyo nitasema ya njiani.

Kampala, Oasis Mall ndiko Nakumatt ilikoanzia Uganda, 2009. Ilifungwa 2017, na eneo lile likakaa tupu hadi supamaketi ya Carrefour ilipoingia mwanzoni mwa 2020. Hesabu miaka hapo katikati. Mwenye jumba mkubwa anaweza kungoja. Mama wa fremu ya vitenge hawezi kungoja mwezi.

Kigali habari ni nyingine. Nakumatt ilikuwa Union Trade Centre, watu wanaita UTC, katikati ya mji kabisa. Jumba lilikuwa la mfanyabiashara Tribert Rujugiro, aliyekuwa nje ya nchi. Mwaka 2013 serikali ililichukua ikisema ni mali iliyoachwa na mwenyewe, na 2017 likapigwa mnada kwa deni la kodi. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Nakumbuka nilifika pale mchana, jumba zuri, taa zinawaka, lakini wenye maduka wanaongea kwa sauti ya chini kama wako msibani. Hapo hata supamaketi ingekuwa na afya, mwenye fremu bado angekuwa hana usingizi. Kwa hiyo mama, ongeza kwenye orodha yako: nani hasa mwenye ardhi na jengo.

#5 PipelineEstate

Nataka kupinga kidogo, kwa heshima.

Nakumatt haikuangushwa na majumba, ilianguka yenyewe. Ilifungua maduka kwa pesa za kukopa na kwa bidhaa za watu ambao haijawalipa. Januari 2018 Mahakama Kuu iliweka msimamizi, deni likiwa zaidi ya shilingi bilioni 30. Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe, na maduka sita yaliyosalia yakaenda kwa supamaketi ya Naivas. Kabla ya hapo kulikuwa na misiba ambayo haikuwa kosa la mteja wala la mwenye fremu: moto wa Nakumatt Downtown Januari 2009, halafu shambulio la Westgate Septemba 2013 lililoua watu 67. Westgate ilifunguliwa tena Julai 2015. Jumba lililopigwa vile lilisimama tena, hilo tulitambue.

Pili, majumba yalizidi. Two Rivers ilifunguliwa Februari 2017 ikiwa kubwa kuliko zote Afrika Mashariki na Kati, mwaka uleule Nakumatt ilipokuwa inazama na nchi ina uchaguzi mara mbili. Village Market iko karibu hapo. Watu wa Runda na Ruaka ni walewale, hawakuongezeka kwa sababu jengo limeongezeka. Siku hizi pembeni mwa Two Rivers kuna eneo maalum la kiuchumi la maofisi. Wenyewe waliona maduka peke yake hayatoshi.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma mimi wa Embakasi: ardhi. Agosti 2018 tingatinga zilibomoa majumba ya South End na Ukay Centre, ile ya Westlands iliyokuwa na Nakumatt, kwa sababu zilikuwa kando ya mto. Septemba ikafika zamu ya Airgate Centre, ambayo sisi wote tunaiita Taj Mall. Nilikua nikiitumia kama alama ya kushuka matatu. Wenye vibanda walihamisha bidhaa usiku kwa mikokoteni, wengine kwa shuka. Asubuhi kulikuwa na vumbi hadi kwenye chai. Hadi leo makanga anaita "Taj!" na watu wanashuka, na Taj haipo.

Wale wenye vibanda walikuwa na risiti za kodi. Walilipa kwa uaminifu kwa jengo ambalo halikutakiwa kuwa pale.

#6 MtindiFresh

Mmesahau kundi moja. Sisi tuliokuwa tunaleta bidhaa.

Nina ng'ombe kumi na wawili, Limuru. Nilikuwa napeleka mtindi kwenye supamaketi, sitasema ipi. Makubaliano: nalipwa baada ya siku 30. Zikawa 60, zikawa 90. Ukiuliza, unaambiwa leta mzigo mwingine ili akaunti yako isifungwe. Ukifunga mwenyewe, lile deni la zamani utalifuata wapi? Kwa hiyo unaendelea kupeleka mtindi kwa mtu asiyekulipa, kwa hofu ya kupoteza kile ambacho tayari umekipoteza. Niliuza ng'ombe wanne kununua chakula cha wale wanane.

Mteja wa MamaViatu aliyekuta hakuna maziwa, maziwa hayakuwepo kwa sababu mimi nilichoka. Naomba msamaha kwako mama, ingawa sikuwa na njia.

Kitu kimoja chema kilitoka humo. Mwaka 2019 sheria ya ushindani ilirekebishwa kuzuia mnunuzi mkubwa kumwonea mleta bidhaa, na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ikaanza kuitumia kweli. Desemba 2023 iliitoza kampuni inayoendesha Carrefour faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1.1 baada ya wauzaji wawili kulalamika. Sisemi mambo yamekwisha. Nasema siku hizi kuna mlango wa kubisha.

#7 MamaViatu

Usiniombe msamaha hata kidogo. Nimesoma hapo kwa ng'ombe wanne nikaweka simu chini.

Tulikuwa hatua ishirini kutoka kwenye rafu zako na hatukujua. Tungejua, tungejua pia kwamba duka linakufa, mwaka mzima kabla ya ile mikate kuisha saa nne.

#8 GarissaLodge91

Mimi ni mfanyabiashara wa Eastleigh, Section One, na nimekaa kimya kwa sababu ninyi mnazungumza kama vile jumba la maduka bila supamaketi haliwezekani.

Garissa Lodge ilikuwa nyumba ya kulala wageni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu wetu walipokimbia vita Somalia, walikodi vyumba pale, na mchana wakauzia humohumo: shuka, mitumba, redio, bidhaa ziko juu ya kitanda na chini ya kitanda. Chumba kikawa duka, na ile lodge ikawa jumba la kwanza la maduka Eastleigh. Halafu Amal Plaza, halafu mengine hadi ukapoteza hesabu, na sasa BBS Mall. Hakuna lililongoja barua ya Nakumatt.

Jengo linajengwaje? Kwa kilemba. Nairobi tunaita gudwili, pesa ya kushikia fremu. Mwenye kujenga anaonyesha ramani, wafanyabiashara wanalipa kilemba cha fremu kabla jengo halijaisha, wengine wakichangiana ndugu na ndugu, na fedha hiyo ndiyo inayopandisha ukuta. Nikitoka, namuuzia anayeingia kilemba changu. Kwa hiyo fremu kidogo ni yangu.

Na wateja wetu hawaji kwa sababu ya unga. Wanatoka Arusha, Kampala, Goma, wanapanda basi usiku, saa kumi na mbili asubuhi wako mlangoni wanataka vitenge dazeni hamsini. Fremu mia tatu, kila moja inavuta wateja wake, na mteja wangu akikosa rangi anayotaka nampeleka kwa jirani. Yule jirani kesho atanirudishia.

#9 MamaViatu

Kaka wa Section One, ninakuheshimu na nimenunua mzigo kwenu miaka yote. Lakini hebu sema na upande wa pili. Kilemba cha fremu nzuri ni pesa ambayo mwanamke wa kawaida hawezi kuipata. Mimi nilikwenda jumba lile jingine kwa sababu walitaka amana ya miezi mitatu tu. Jengo lenu likikwama katikati, kilemba cha watu kinarudi? Na moto ukitokea, kama tulivyoona mara nyingi, nani anawarudishia?

#10 GarissaLodge91

Kweli dada. Moto umetuumiza, nyaya za stima zimejaa na njia ni nyembamba. Na kuna waliotoa kilemba wakangoja hadi wakachoka. Sikukusudia kusema sisi hatuna maumivu. Ninachosema ni kwamba jirani yangu akifunga leo, mimi nitaumia kidogo, lakini duka langu litafunguliwa kesho.

#11 Columbus_614

Salamu kutoka Ohio, Marekani. Nilizaliwa Mombasa, niko hapa tangu 2003.

Nilipofika, katikati ya mji wa Columbus kulikuwa na jumba linaitwa City Center, lilifunguliwa 1989. Waliokuwepo wakati huo wananiambia watu walitoka miji ya mbali kwa mabasi kuja kulitazama. Lilikuwa na maduka makubwa matatu: Lazarus, Marshall Field's na Jacobson's. Kwa hiyo ndugu wa Mwenge, hilo lilikuwa na nguzo tatu.

Jacobson's ilifilisika 2002. Wakati huohuo pembezoni mwa mji yalikuwa yamejengwa majumba mapya matatu kwa muda mfupi, Tuttle, Easton na Polaris, yenye maegesho ya bure karibu na wanakohamia wenye pesa. Nguzo zikatoka moja baada ya nyingine. Mimi nilifanya usafi pale majira ya baridi moja. Unasukuma ufagio orofa nzima usikutane na mtu, muziki unapigwa, chemchemi ya maji inacheza. Mwaka 2009 lilifungwa, likabomolewa, na sasa ni bustani. Watoto wangu wanacheza hapo na hawajui kulikuwa na nini.

Na kaka wa Section One atafurahi: upande wa kaskazini wa mji huu kuna Global Mall, ya Wasomali. Fremu ndogondogo, magauni ya Kisomali ya dirac, uvumba, simu, chai ya maziwa, kinyozi. Ukiingia unasikia Kiswahili cha Eastleigh na cha Kismayu. Nikiwa na hamu ya nyumbani naenda kukaa pale, hata kama sina cha kununua.

#12 PipelineEstate

Hiyo ya chemchemi kucheza na hakuna mtu... Taj siku za mwisho ilikuwa hivyo, ila badala ya chemchemi ilikuwa televisheni kubwa ya duka la vifaa vya umeme.

#13 Kijana_Ruiru

Wakubwa shikamooni. Nimesoma uzi wote mara mbili kwa sababu unanihusu. Nina miaka 26, nakata nywele. Nimeonyeshwa fremu kwenye jumba jipya huku kwetu, supamaketi tayari imeingia. Mkataba niliopewa ni wa miaka sita. Natakiwa kutia sahihi Ijumaa. Nifanyeje?

#14 MamaViatu

Marahaba mwanangu. Usitie sahihi Ijumaa. Fremu nzuri itakuwepo Jumatatu, na isipokuwepo, nyingine itakuwepo.

Kwanza nenda Jumanne saa tano asubuhi. Jumamosi kila jumba limejaa, haikuambii kitu. Simama karibu na milango ya supamaketi kwa saa nzima, hesabu wanaoingia, kisha hesabu wangapi wanageuka upande wa fremu yako. Ingia ndani ya supamaketi, tazama rafu za maziwa, mkate na unga. Kama bidhaa moja imetandazwa mita tano, rudi nyumbani. Ongea na anayeleta mkate, yule wa gari, sio meneja. Muulize analipwa baada ya siku ngapi. Atakuambia, watu hawa hawaulizwi kamwe.

Pili, waombe waandike kwenye mkataba kwamba supamaketi ikifunga kwa zaidi ya siku 90, kodi yako inashuka, na ikipita miezi sita unaweza kutoka na amana yako. Wakikataa, omba mkataba wa miaka mitano kamili au pungufu, na usiwe na kifungu cha kukuvua haki zako. Mpe mwanasheria asome, hata kama ni wa kulipwa elfu tano na kuku.

Tatu, uliza hati ya kiwanja. DerevaWaMalaba na PipelineEstate wamekueleza kwa nini.

Wewe una bahati moja ambayo sikuwa nayo. Mtu hanunui viatu vya mtoto kila wiki mbili, lakini nywele zinaota. Wateja wako watakufuata ulipo.

#15 Mwenge_Stendi

Hilo la nywele ni kweli tupu. Kinyozi wangu amehama mara tatu kutoka Sinza, nimemfuata mara tatu.

#16 Kijana_Ruiru

Wakubwa, nimerudi.

Nilikwenda Jumanne kama alivyosema mama, na nikaenda tena Alhamisi. Jumanne waliingia supamaketi watu 131 kwa saa moja. Waliogeuka upande wa fremu yangu ni 6, na wawili kati yao walikuwa wanatafuta choo. Alhamisi waliingia zaidi, waliogeuka ni 9. Wa gari la mkate amesema walikuwa wanamlipa kila wiki mbili, sasa ni wiki ya saba.

Nilipeleka ombi la kifungu cha supamaketi. Dada wa ofisini alinisikiliza vizuri, akapiga simu mbele yangu, akarudi akasema mikataba yote ni ya namna moja na haibadilishwi. Nilimuuliza kama kuna mwingine aliyewahi kuomba. Akasema mimi ni wa kwanza.

Karatasi nimezirudisha bila sahihi. Kuna mzee ana fremu ya mabati karibu na steji ya matatu, elfu kumi na mbili kwa mwezi, stima ipo, maji ni ya kubeba. Jumatatu naenda kupima kama viti viwili vinaingia.